Kwangu Inafanya Kazi

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu, maana roho yangu haitasubiri umalize kuchati.

Chumba cha seva nawaachia, pamoja na ile mashine kongwe ya pembeni mnayoiita jeneza. Miaka thelathini nimeandika amri za kuendesha kompyuta za watu, na sijaona mjinga kumshinda yule asemaye, "Kwangu inafanya kazi." Nani kakuuliza habari za kwako? Programu inayosoma amri zako imekuongezea madoido yake, ukayazoea, ukadhani ndiyo sheria, na zile kanuni ambazo kila mashine inazielewa ukaziita mambo ya wazee. Mwacha mila ni mtumwa, na wewe mwanangu ni mtumwa wa madoido, tena unajisifu.

Mnaikumbuka zahanati ile. Skripti, ule mfululizo wa amri, ilitakiwa iulize kwanza kama mafaili ya wagonjwa yapo. Yakiwepo iyaache, yasipokuwepo isafishe diski ianze upya. Swali likaandikwa kwa madoido, mashine yao kongwe, hilihili jeneza nililolichukua baadaye, haikulielewa, ikahesabu kwamba jibu ni hapana, ikafuta kila kitu. Asubuhi wajawazito wamejaa kwenye mabenchi, muuguzi anawauliza upya damu yao ni kundi gani, nami nikamwambia mganga mkuu kwamba ile ilikuwa kazi ya kitinda mimba wangu. Binti yangu, uliinamisha kichwa, ukaiacha kazi hii, mwaka wa kumi na moja huu unauza vitambaa. Kaka yako akakucheka mezani, nikamwacha acheke.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mstari ule niliuandika mimi. Wewe uliniambia, "Baba, tuujaribu kwanza kwenye mashine yao," nami nikakujibu kwangu inafanya kazi.

Basi chumba ni cha kitinda mimba. Wewe kifungua mimba utafanya kazi chini yake, usininunie, na skripti yoyote ipite kwanza kwenye jeneza. Likiikataa, haitoki mlangoni. Nipeni maji kidogo. Mungu awape subira... awape kuandika kitu ambacho hata mashine ya jirani... itakielewa. Msigombane.

Funguo ziko chini ya mto. Zichukue mwenyewe, binti yangu. Mkono wangu hauinuki.