Kizungu cha Posa ya Malak

Kijiwe cha Bondeni hakina bango wala mlango. Kina benchi moja la mbao za Elburgon, kazi ya fundi aliyekuwa na haraka zake, na ukiketi upande wa kushoto shurti mwenzako awe wa kulia, la sivyo kahawa utainywea chini. Alamin huweka jiko na birika lake hapo kila alasiri, na wateja wake wa kudumu wanajuana kwa majina ya kubandikwa. Salmin ni Transit, kwa kuwa aliendesha lori mpaka Juba na Lubumbashi, akarudi na kitambi na hadithi. Wamalwa, karani mstaafu wa mahakama, ni Ofisa. Kipketer, anayeshusha viazi kutoka Kabazi kisha anasahau kurudi kwake, ni Waru, yaani viazi vyenyewe. Ijumaa hiyo Transit ndiye alitangulia kufika, na alikuwa amekwisha kunywa vikombe viwili bila kusema uongo wowote, jambo lililomtia Alamin wasiwasi.

— Wakwe wanakuja kesho, Salmin alisema wenzake walipoketi. Wazazi wa Yaseen. Wametoka Ireland, wako hoteli huko Milimani.

— Yaseen si ndiye yule Mzungu? Kipketer aliuliza.

— Ndiye. Malak wangu ni nesi huko, wakaonana, kijana akasilimu. Na kijana sina neno naye. Neno langu ni babake. Ni mkulima wa ng'ombe, hajui lugha ila Kizungu.

— Na wewe si umetembea dunia, bana?

— Nimeitembea na Kizungu cha mipakani. Mzigo ni huu, muhuri uko wapi, mkubwa nisaidie. Kwa hicho utaozesha mtoto?

Alikizungusha kikombe. Kilichomnyima usingizi hakikuwa yule mzee wa ng'ombe. Malak, tangu akiwa nasari, amekuwa akiwaambia wenzake kwamba babake anaongea lugha saba, na Salmin hakuwahi kumsahihisha. Sasa amerudi kwa posa, na kesho atakuwa chumba cha ndani na shangazi zake, nyuma ya pazia, hatoki mpaka aitwe. Hawezi kutafsiri, lakini kila kitu atakisikia.

Ofisa alikohoa kimahakama.

— Simama. Wakaribishe, nikusikie.

Salmin alisimama, na benchi likainuka naye. Akakaza shingo.

— "I am very exciting to see you."

— Umejisifu, Ofisa alisema. "Exciting" ni ile kitu inaleta furaha. "Excited" ni mtu ameletewa. Wewe umeletewa.

Salmin aliketi polepole.

— Kumbe. Pale mpakani Kasumbalesa niliwekwa foleni kutwa, nikamwambia afisa "I am very boring." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema hata yeye ameona.

Alamin alilazimika kuliweka birika chini ndipo acheke vizuri.

— Sikiza, mzee, Ofisa aliendelea. Kizungu ni nyumba ya ndoa. Kila neno la sifa lina bibi yake. "Afraid" ameoa "of". "Interested" ameoa "in". "Good" anakaa na "at". Ukisema "good in cooking" umetorosha bibi ya mtu.

— Na "happy"? Alamin aliuliza.

— "Happy" ana wengi. Kuna "with", kuna "about", kuna "for".

— Huyo ni wa huku kwetu, Alamin alisema kwa heshima.

Kipketer alitingisha kichwa. Ndoa si fani yake, alisema, lakini viazi anavijua.

— Angalia vitendo. "I want to eat." "I hope to eat." Hiyo ni waru iko shamba bado, hujaiona, ndio maana unawekewa "to" ikuelekeze. Lakini "I enjoy eating", "I finished eating", hiyo iko mdomoni. Utaenjoy aje waru iko chini ya udongo? Ikishafika mdomoni inapewa "-ing".

Lilionekana jambo la akili, na hakuna aliyelitegemea.

— Na "avoid"? Ofisa alimkabili. Unasema "I avoid going", na hujaenda mahali.

— Hiyo ni waru ya wizi. Mtu huikula akiwa amenyamaza.

— Na "I look forward to meeting you"? Kuna "to", na "-ing" pia iko.

Kipketer alifikiria mpaka kahawa ikaota utando.

— Hiyo imetoka kwa baridi. Imevaa sweta, ikaongeza na koti.

Sasa Alamin naye akaacha kumimina. Yeye alikuwa na swali la siku nyingi. Mbona unasema "tell him to sit", lakini ukifika "make him sit" na "let him sit" ile "to" inapotea? Na jibu pia alikuwa nalo.

— Ni reli. Walipokuwa wakipandisha mizigo hii milima, injini ilishindwa. Wakaambiwa wapunguze uzito. Wakatupa mawe, wakatupa mabati, mwishowe wakaanza kutupa maneno. Zile "to" zote ziko huko Mau, chini ya mti.

— Babu yangu alifanya reli, Ofisa alisema kwa ukali. Hakuwahi kusema kitu kama hiyo.

— Angesema vipi, na yeye ndiye alitupa?

Salmin alikuwa akiwasikiliza wote, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kichwani mwake sasa kulikuwa na wake za watu, viazi na treni. Alisimama mara ya pili, jasho likimtoka kana kwamba yuko tena Lodwar na tairi imepasuka.

— "I am happy at you. I am interested of your son. I let you to sit, and I enjoy to give you my daughter."

Ofisa alifumba macho.

— Hapo umevunja ndoa mbili, ukaokota "to" moja iliyotupwa, alisema.

— Na waru umezirudisha shamba, Kipketer aliongeza.

Salmin hakucheka. Aliona pazia la nyumbani kwake, na nyuma yake uso wa binti aliyeamini lugha saba.

Ndipo Khadijo, dada mkubwa wa Salmin, akatokea na kikapu cha viungo vya pilau, akimtafuta mtu wa kwenda kumchukua mbuzi. Alisimama, akawatazama mmoja mmoja.

— Mnafanya nini?

— Tunamfundisha Transit Kizungu cha posa, Ofisa alijibu.

— Kwani anayekuja kuomba ni nani?

Alamin alipanguza kikombe kilichokuwa safi. Kipketer aliangalia viatu vyake. Wote wanne walishaozesha mabinti, na wote walijua kwamba anayeomba ndiye husema. Baba wa msichana huketi, akakohoa, na mtu wa nyumbani akajibu kwa niaba yake kwamba wamesikia. Alasiri nzima walikuwa wamemkazania Salmin aombe mtoto wake mwenyewe.

— Lakini yule ni mgeni, Ofisa alijitetea hatimaye. Desturi hazijui.

— Na Malak hana mdomo? Khadijo aliuliza.

Salmin alimpigia Malak, akaweka simu kwa spika, akamuuliza kama babake Yaseen anajua ni nani huomba.

— Baba, nilimwambia kitambo, Malak alisema. Yuko hapa hotelini tangu asubuhi, amemng'ang'ania mhudumu, Eucabeth, amfundishe kuomba kwa Kiswahili. Mara anasema tumekuja kuomba, mara tumekuja kuombwa. Chakula hajagusa. Ameskia wewe unajua lugha saba, anaogopa utamcheka. Nimwambie asijali?

Salmin alivuta pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu Jumatatu. Akafungua mdomo aseme neno la huruma. Kisha akawatazama wenzake, na ule udereva ukamrudia.

— Mwambie mimi ni mkali sana kwa mambo ya lugha.

— Baba.

— Mwache asome, mama. Halafu kesho asubuhi, akishakunywa chai, mwambie nitamsikiliza mpaka amalize, hata akichukua siku nzima. Lakini si leo.

Malak alicheka mpaka akakata simu bila kuaga.

— Na wewe utafanya nini hiyo kesho? Khadijo aliuliza.

— Mimi nitakohoa.

— Hebu kohoa tusikie, Alamin alisema.

Salmin akajiweka sawa, akakohoa. Ofisa aliinamisha kichwa, akakipima kikohozi.

— Hiyo ni kubwa, alisema. Mzee wa watu atadhani umekataa. Anza chini.

— Hapana, aanze juu, Kipketer alisema, ashuke pole pole kama gari ya mzigo.

Khadijo aliokota kikapu chake, akaenda kumchukua mbuzi mwenyewe.