Modesta Kasiani Chitanda: Zilibaki Sahihi Tatu

Marehemu Modesta alizaliwa tarehe 14 Mei 2003 katika zahanati ya Msimbati, mtoto wa kwanza wa Mzee Kasiani Chitanda, karani wa Bandari ya Mtwara, na Mwalimu Jesca. Alibatizwa mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi Msimbati mpaka mwaka 2016. Uuguzi aliuanza huko, tena bila cheti: alijivika vikonyo vya majani ya muhogo shingoni kama kipimo cha daktari, akampima mdogo wake Fredi, akamwambia, "Presha yako imekaa vibaya, leo usichote maji." Fredi akatii. Mama yao akawatibu wote wawili kwa fimbo. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2020, familia ikiwa imeshahamia Shangani, Mtwara mjini, na Oktoba 2022 akaingia chuo cha uuguzi na ukunga.

Kwenye grupu la familia alikuwa moto. Ukiandika unaumwa kichwa, anakutumia sauti: "Kunywa maji, weka simu chini, na huyo aliyekubloku msahau."

Kazi yake ilikuwa mazoezi ya wodini, na hapa tuseme ukweli, mapambo tumeshayaweka kwenye jeneza. Kila mwanafunzi ana kitabu cha mazoezi. Akifunga kidonda, akizalisha, muuguzi msimamizi anamsainia. Bila sahihi, humalizi chuo. Basi ile kalamu ikageuzwa bakora. Modesta na mwenzake mmoja waliachiwa wagonjwa thelathini na wanne. Alitumwa chapati. Alifokewa mbele ya wagonjwa kwa makosa ya wakubwa. Alisimama kwa saa kumi na mbili tumbo tupu. Akiuliza, anajibiwa, "Na sisi tulipitia hayohayo." Haya, mlipitia. Ndiyo mkaona tamu, mkaamua kumgawia na yeye?

Hakujaliwa kufunga ndoa. Mwalimu Anold alileta barua ya posa Desemba 2024, ikajibiwa vizuri, ila Modesta akataka harusi isubiri kitabu kijae.

"Kwani mimi nakuoa wewe au kitabu?" Anold alimtania.

"Kitabu kwanza. Kikikukubali, na mimi nimekukubali."

Homa ilimwanza Jumamosi, tarehe 15 Machi 2025. Zilibaki sahihi tatu. Jumatatu aliomba ruhusa akapime malaria. Msimamizi akamwambia, "Ukitoka hapa, wiki sita zote za mazoezi unarudia." Modesta akameza panadol, akaendelea kupima joto la watu wengine. Rukia, mwanafunzi mwenzake wa zamu, alimshika mkono, akashtuka.

"Mode, unaungua wewe!"

"Nyamaza, shosti. Tatu tu."

Jumanne saa tano asubuhi alianguka katikati ya wodi, hospitali nzima imemzunguka, na hakuna aliyekuwa amempima. Ilikuwa malaria kali, imeshapanda kichwani. Alifariki Jumatano, tarehe 19 Machi, saa tisa alasiri, akiwa na miaka ishirini na moja. Wameandika malaria kwenye karatasi. Sawa. Familia inajua na kilichoachwa kuandikwa.

Jana msimamizi alikuja msibani na kalamu yake, akaomba kitabu amalizie zile tatu, "ili roho ya binti itulie." Mwalimu Jesca hakukitoa. Alimtazama, akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu wangu hana haja tena. Yule Rukia pale ukutani anatetemeka kwa homa tangu asubuhi. Mwandikie ruhusa akapime."

Akaandika, palepale mkekani. Haikuchukua hata dakika. Kumbe ilikuwa inawezekana.

Modesta ameacha baba na mama, mdogo wake Fredi, mchumba wake Anold, bibi yake wa Msimbati, na wanafunzi wenzake ambao Jumatatu wanarudi wodini.

Bwana ampe mapumziko aliyoyaomba kwa adabu, akanyimwa. Amina.