Mama Brashi na Vipapasio vya Dumuzi

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya wadudu wa ghalani, Mama Brashi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Anaondoka akiwa fundi wa kawaida. Ukuu wa mafundi aliukosa kwa barua moja ya onyo iliyomo kwenye faili lake, na siwezi kuandika wasifu huu nikairuka.

Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Mwaka haukuisha akawa anawatambua dumuzi, wale mbawakawa wadogo wanaotoboa mahindi, jike na dume, huku wenye vyeti wakikodoa macho kwenye hadubini. Wageni aliwaeleza kwamba mbawakawa hunusa kwa vipapasio vyake, na kwa hivyo hivyo hupapasa njia na kujua penye unyevu. "Ukimvunja vipapasio, mwanangu, umemziba pua na kumnyang'anya mikono kwa mpigo mmoja," husema. Ndiyo maana aliwahamisha kwa brashi laini, mmoja mmoja, na ole wako umguse mdudu wake kwa kibano. Chai yake ilipoa kila siku.

Mwaka wake wa kumi na tisa tulijaribu mitego ya harufu. Majuma sita dumuzi walizurura tu, wakaipita mitego kana kwamba haipo. Mradi ulikuwa karibu kufungwa. Yeye ndiye aliyewatazama upya na kukuta ncha za vipapasio zimekatika: mtu mwenye haraka alikuwa amewahamisha kwa kibano. Majaribio yakarudiwa, mitego ikanasa. Lakini mkurugenzi wa wakati ule alitaka mkosaji. Mama Brashi akajibu kwamba wadudu wako chini yake, basi kosa ni lake.

Mwenye kibano nilikuwa mimi. Nilikuwa na miezi miwili kazini, mke wangu mjamzito, nikafyata ulimi. Yeye alijua. Miaka kumi na miwili amenijulia hali kila asubuhi bila kuligusia, hata nilipopewa ukuu wa mafundi uliostahili kuwa wake. Nimeona haya kila siku.

Jana nilimwandikia mkurugenzi: onyo litoke kwenye faili lake, liingie langu. Amekubali.

Mama, nisamehe. Asante kwa kazi yako na kwa kunisitiri. Sote tunakuombea afya na siku tulivu. Utakapoitwa mbele kuagwa, utaitwa Fundi Mkuu, na mimi ndiye nitakayeita.