Kimya Kabla ya Kurekodi

30 Juni

Kwako Mzee Kimya, na kwenu wenzangu mliokusanyika kumuaga,

Leo, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika kituo chetu cha televisheni, Mkurugenzi wetu wa Ubunifu anastaafu. Watazamaji hawamjui kwa sura. Jina lake lilipita mwishoni mwa kipindi, wakati watu wameshainuka kutafuta chakula.

Aliingia hapa akiwa mchoraji wa mandhari za studio. Dirisha la kwanza alilolichora nyuma ya msomaji wa habari lilipendeza mno, hadi watazamaji wa taarifa ya usiku wakapiga simu kuuliza kwa nini kwetu jua halizami. Alicheka, kisha akachora la pili, lenye giza na taa za mbali. Mwezi uliong'aa katika kipindi cha watoto ulikuwa sinia la nyumbani kwake; mkewe alilidai mpaka akachoka. Kituo kilipopata tuzo kwa studio iliyopambwa vizuri, alimsukuma seremala jukwaani akaipokee.

Jina la Mzee Kimya lilitokana na desturi yake. Kabla ya kila kipindi alitaka studio nzima itulie, ili fundi sauti arekodi ukimya wa chumba, wa kuziba mapengo wakati wa kuhariri. Fundi sauti huyo alikuwa mume wangu. Mimi, mshonaji wa mavazi, nilisimama pembeni na pini mdomoni. Mume wangu alipoanza kuugua kifua, kikohozi kilimponyoka kila mara kimya kikikaribia kwisha.

"Jamani, nani kaingia na mbuzi?" Mzee aliuliza.

"Ni wako huyo, Mzee. Kakufuata toka nyumbani," mume wangu alijibu, na tukaanza upya. Ikawa ndiyo mazoea yao. Wapo walioshauri fundi abadilishwe. Mzee aliwaambia mbuzi huyo ameajiriwa.

Tulipomzika mume wangu na kurudi kazini, kimya kilifika mwisho bila kikohozi. Mzee hakutoa ishara. Mtangazaji aliinamia viatu vyake, wapiga picha wakaganda. Tukaendelea kusimama hivyo hivyo. Kisha Mzee akasema polepole, "Leo mbuzi hayupo," akatazama upande wangu, akainua mkono tuanze. Nilipewa pole nyingi siku zile, lakini ile ndiyo iliyoniingia.

Sasa tuna mitambo mipya inayofuta kelele yenyewe, na imeamuliwa kwamba kuanzia kesho hatutanyamaza tena. Sina ubishi, vipindi ni vingi na watu wana haraka. Ila ndani ya kimya kile nilikuwa namsubiri mume wangu kila siku, na najua hapa kazini Mzee peke yake ndiye aliyekuwa anamsubiri pamoja nami.

Asante, Mzee wetu. Upumzike vizuri, ule na familia yako chakula kikiwa bado cha moto, na hilo sinia lirudi jikoni. Na siku nyumba ikitulia, kabla mtu hajasema neno, utukumbuke, mimi na mbuzi wetu.