Siku Niliyoshindwa Kuitika Salamu Makambako

Kamwene, ndugu zangu.

Asanteni, mmeitika vizuri. Bwana asifiwe kwa watu wa kwaya, asalaam aleikum kwa wenzetu wa maduka na malori. Mheshimiwa diwani, ndugu mtendaji, na ninyi wazee wa Njombe mlioniita kutoka Makambako, shikamooni. Nasikia leo mnaamua vijana wenu wanaovuta unga wafanyweje, na pale mlangoni nimemsikia mzee mmoja akisema waongezewe mgambo na viboko. Mzee wangu, sigombani na wewe. Nisikilize kwanza, maana mimi nilivuta, na nilishakufa mara moja.

Chekeni tu, mtanyamaza wenyewe.

Mimi ni Mbena wa hapahapa, mtoto wa muuza viazi. Biashara ilipofunguliwa, Makambako ikafurika malori, nikapata kazi ya utingo. Nilipanda juu ya mzigo, nikafunga turubai, nikalala chini ya lori, na bado nilijiona mfalme kwa sababu nilikuwa na viatu vya ngozi vya mitumba. Unga ulikuja kwa barabara ileile iliyoleta viatu. Mwenzangu mmoja alinichanganyia kwenye sigara akasema unaondoa baridi, na ninyi mnaijua baridi yetu ya mwezi wa saba. Kweli uliondoa. Baadaye ukaondoa na njaa, kazi ikafuata, mwisho hata hamu ya kumwona mama ikaisha.

Mtaa wetu wakati ule ulikuwa na dawa moja tu, mgambo. Wakitukamata tunalala mahabusu, kesho yake tunarudi palepale. Na mtu unga ukimzidi, nani ampeleke zahanati? Mganga atadai kwanza karatasi ya polisi, na anayekwenda kuiomba karatasi ndiye anayewekwa ndani. Kwa hiyo mtu akizidiwa, wenzake walikimbia. Rafiki yangu wa lori moja, aliyenifundisha kufunga turubai, alikufa hivyo nyuma ya ghala la mahindi nikiwa safarini Tunduma. Niliporudi nilionyeshwa kaburi. Nililia sana, kisha nikaenda kuvuta.

Zamu yangu ilifika msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Ninyi hamna haja ya kuelezwa. Siku ya mnada huwezi kupita vilabuni bila kuruka miguu ya waliolala. Na desturi yetu ni ya huruma: mlevi wa ulanzi anavutwa pembeni magari yasimkute, anafunikwa, anaachwa alale. Mchana huo nilikunywa ulanzi, nikavuta unga juu yake, nikazima. Wenzangu wakanilaza kwenye nyasi za kilabu katikati ya walevi, wakanifunika kitenge, wakatokomea. Walijua mgambo akipita ataona ulanzi, hataona unga. Watu walipita wakisema, mwacheni kijana alale. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nakata roho katikati ya watu wema.

Haya mengine nimesimuliwa, maana mimi nilikuwa sipo.

Akapita mwenyekiti wa mtaa, mzee mkali, huyohuyo aliyekuwa akitutumia mgambo. Alikuwa na mazoea ya kuwatania walevi kwa kuwasalimu mmoja mmoja, kwa sababu mlevi wa ulanzi hata awe usingizini, ukimwambia kamwene ataguna kitu. Wa kwanza akaguna. Wa pili akamwomba sigara. Akafika kwangu. "Kamwene, kijana." Kimya. Akarudia kwa sauti ya mkutanoni. Kimya. Akafunua kitenge, akakuta midomo yangu imekuwa rangi ya majivu.

"Huyu si wa ulanzi," akasema. "Leteni mkokoteni."

Mkokoteni uliokuwa karibu ulikuwa umejaa kabichi. Zikamwagwa barabarani, mwenyewe analalamika, nikapakiwa mimi, nikasukumwa mbio na mgambo yuleyule aliyewahi kunivunja jino hili. Kufika zahanati, mganga akauliza karatasi ya polisi iko wapi.

"Nitaileta mwenyewe," mzee akamwambia. "Wewe mpe pumzi. Au unataka karatasi nije niizike naye?"

Mganga akachukua kifaa cha mpira cha kusaidia pumzi, akanipulizia hewa mpaka kifua kikaanza kwenda chenyewe. Nilipofumbua macho mzee alikuwa ameniinamia. Akasema tena, "Kamwene." Nikaitika. Yule mgambo akageukia ukutani akalia.

Wiki hiyohiyo mwenyekiti akaitisha mkutano wa mtaa. Akasema mbele ya watu wote, "Tumewafukuza hawa vijana mpaka wamejifunza kufa kimya." Akataka anayemleta mgonjwa wa unga asiulizwe wala asikamatwe, zahanati itibu kwanza, na mgambo wafundishwe kumpa mtu pumzi. Wenye vilabu nao wamsalimu kila aliyelala kwenye nyasi zao. Mjumbe mmoja akapinga, akasema tunalea wahuni. Mama yangu akasimama, kapu la viazi mkononi.

"Mhuni huyo ni wangu," akasema. "Ninyi nipeni akiwa hai tu. Kulea nitalea mimi."

Mikono ikanyooshwa, hoja ikapita.

Naye akanilea kweli. Arosto, yale mateso ya kuukosa unga, ilinikamata nyumbani kwake, jasho na baridi pamoja, mifupa inauma kama inasagwa, namtukana mama mzazi na yeye ananipa uji. Kina mama wa usharikani walikuja kwa zamu kunishikilia. Niliteleza tena, sifichi, nikabebwa tena, na safari hiyo hakuna aliyekimbia. Nilipopata nguvu, tajiri mmoja Mwislamu wa malori akanipa kazi ya kuziba pancha. Leo nina banda langu mwenyewe, mke, na watoto wenye kelele kunishinda.

Mkokoteni ule umebeba wengine wengi, na wametembea kurudi kwao kwa miguu yao. Mwenye kabichi siku hizi haambiwi, akisikia yowe anashusha mzigo mwenyewe. Na mimi na mgambo wangu wa jino ndio tunaowafundisha wageni kupuliza pumzi. Tumeshinda, ndugu zangu. Nasema hivyo bila aibu.

Namshukuru Mungu, mama yangu, mganga, wale kina mama, tajiri wangu, na mzee yule aliyekubali kubadilika mbele ya watu wake. Waheshimiwa, sikuja kuomba jengo wala gari. Mgambo mnao, zahanati mnayo, mikokoteni imejaa sokoni. Kilichobaki ni neno lenu, kwamba anayembeba mwenzake hatakamatwa. Mkilitoa leo, jioni hii mtu atabebwa badala ya kufunikwa.

Na wewe mzee wangu wa mlangoni, ukipita kwenye nyasi leo ukirudi nyumbani, wasalimu wote waliolala. Asiyeitika, usimpite.