Mabunda ya Senti ya Kila Ijumaa: Kumuaga Aune Lahtinen

Ijumaa ya tarehe 31 Mei, Aune Lahtinen alifunga droo ya dirisha namba moja kwa mara ya mwisho na kustaafu, baada ya kuitumikia Benki ya Akiba ya Kestner kwa miaka thelathini na minne. Bwana Truscott, meneja wetu, amenitaka niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa dirisha la pili, ubavuni pake, muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Ameniomba niandike kwa heshima na nisizidishe utani. Kwenye heshima nitajitahidi.

Aune ni mzaliwa wa hapa hapa Kestner, binti wa mchimba shaba. Alianza kazi mwaka 1985 kwa kupokea simu, akawa keshia, kisha keshia mkuu, na karibu sote tunaofanya kazi hapa tumepita mikononi mwake. Mara mbili aliitwa makao makuu Marquette apewe cheo, na mara mbili alikataa, akisema huko hawajui kupika pasti, ile sambusa kubwa ya nyama na viazi ya wachimba migodi. Mwaka ule theluji ilipouziba mlango wa mbele hadi juu, aliingilia dirisha la choo, akawasha taa na kuanza kuhudumia wateja kwa wakati wake. Wateja nao waliingilia huko huko.

Nje ya benki, hata hivyo, jina la Aune linakwenda pamoja na senti. Watu wa kwetu wanapenda kukusanya senti za zamani: zenye masuke ya ngano mgongoni, zile za chuma za wakati wa vita, na zile za shaba hasa zilizotengenezwa kabla serikali haijaanza kuzipaka shaba juu juu. Katika mji ambao babu zetu walikohoa vumbi la shaba hadi kaburini, senti ya shaba si kitu cha kuchezea. Lakini nenda benki nyingi ukaombe mabunda ya senti, uone keshia atakavyokukunjia uso. Aune hakumkunjia mtu uso. Bibi akileta kopo la senti lililokaa kabatini miaka, Aune alizifunga hamsini hamsini kwenye karatasi kwa mikono yake, bila kuchagua hata moja, akawawekea wakusanyaji. Mfanyakazi hachagui kabla ya mteja, ndivyo alivyotufundisha, na sheria hiyo hakuivunja hata siku moja.

Wakusanyaji nao wana sheria yao: nunua huku, rudisha kule. Ukishachambua mabunda na kutoa unachokitaka, makapi unayapeleka benki nyingine, mji wa jirani wa Houghton au popote. Ukiyarudisha ulikonunua, wiki ijayo utauziwa makapi yako mwenyewe. Hata mtoto anayeanza kukusanya leo analijua hilo.

Ndipo anapoingia Walfrid Saari, dereva mstaafu wa gari la wilaya la kusukuma theluji, mtu mrefu, mpole, ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye bahasha. Kwa miaka sita, kila Ijumaa, Walfrid alinunua mabunda kumi ya senti dirisha namba moja, na kila Ijumaa iliyofuata aliyarudisha dirisha hilo hilo. Aune alimweleza sheria. Walfrid akajibu kwamba gari lake halifiki Houghton. Aune akaamini. Tena akawa anamsifu, kwa sababu mabunda ya Walfrid yalirudi yamefungwa vizuri kupita ya wakusanyaji wote. Alikuwa akiyainua tuyaone.

"Tazameni jamani, hii ndiyo kazi! Utadhani nimefunga mwenyewe!"

Sisi tulikuwa tukiinama chini ya meza tukijifanya tunatafuta kalamu. Waswahili husema kinyozi hajinyoi, na sijapata kuona msemo ukimkaa mtu kama huo ulivyomkaa Aune. Mwanamke aliyeweza kugusa noti bandia gizani akakwambia ni bandia, hili hakuliona. Ni mjane wa miaka kumi na mmoja, tangu mumewe Onni alipofariki, na nafikiri alikuwa amekwisha kujiambia kwamba mambo ya mapenzi yamempita.

Ijumaa ya tarehe 17 Mei tuliwaandalia wakusanyaji kahawa ya kumuaga. Aune alioka mkate mtamu wa iliki, na watu waliposhiba akasimama mbele yao na rundo la senti na karatasi.

"Kabla sijaondoka nataka mjifunze kitu. Mabunda mnayoniletea, mniwie radhi, ni aibu. Walfrid, hebu njoo uwaonyeshe wenzako."

"Nina haraka kidogo," Walfrid akasema.

"Haraka ya nini wewe?" akadakia Rosalie Trudgeon, mwalimu mstaafu, asiyepitwa na neno. "Theluji imeisha, utasukuma nini? Nenda, acha maringo!"

Akaenda. Viganja vya Walfrid ni vipana kama sepetu. Karatasi ya kwanza ilikwenda upande, ya pili ikachanika. Ya tatu ilisimama kidogo, tukaanza kupumua, kisha ikafunguka chini na senti zikatawanyika ukumbi mzima, nyingine hadi chini ya mashine ya kunakili. Hakuna aliyecheka. Aune alichukua bunda mojawapo alilorudishiwa asubuhi hiyo, akaligeuza, akaitazama mikunjo ya karatasi kwa muda mrefu. Ilikuwa mikunjo yake.

"Walfrid," akasema taratibu, "miaka yote hii, umewahi kufungua hata bunda moja?"

"Moja."

"Lini?"

"Ile wiki uliyolazwa. Nilikuja, hukuwepo. Nikaona nikae nyumbani niangalie mna nini ndani."

"Mlikuwa na nini?"

"Senti."

Kisha akavaa kofia yake, masikio yamemwiva mekundu, akatoka bila kugusa kahawa.

Ijumaa iliyofuata hakuja. Aune alikuwa amevaa sweta lake la buluu, na mabunda kumi ameyatenga pembeni. Kila mlango ulipofunguka aliinua uso, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Saa sita akasema labda barabara ni mbaya. Nje jua lilikuwa linawaka na watoto wanaendesha baiskeli. Alasiri alimpa Rosalie sarafu za senti tano ambazo hakuziomba, na Rosalie, asiyepitwa na neno, akazitia mfukoni akaenda zake.

"Si umpigie simu?" nikamwambia tulipokuwa tunafunga.

"Nimwambie nini, Doreen? Nilikaa pale nikimsifu kwa mikunjo yangu mwenyewe. Mtu mzima ovyo! Nikimpigia atajua kwamba najua."

"Anajua unajua. Mji mzima unajua. Mchungaji anajua."

Akacheka, halafu akafuta macho. Hapo nikaogopa kweli. Ilibaki Ijumaa moja tu, na baada yake Walfrid asingekuwa na sababu ya kuja kwetu, wala Aune asingekuwepo wa kumkuta. Hawa wawili wangeweza kuishi mitaa mitatu kutoka mmoja kwa mwenzake hadi kufa, wakisalimiana kwa kofia. Nilimsihi tena apige simu, akakataa. Nimesikia kwamba Rosalie alikwenda kwa Walfrid Jumapili akamwambia mficha uchi hazai, ingawa kwa umri wao hilo la kuzaa tumekwisha kuwasamehe. Walfrid alimshukuru, akafunga mlango.

Siku ya mwisho ikafika. Bwana Truscott alihutubia, keki ikakatwa, Aune akapewa kiti cha kuyumba na cheti. Alishukuru vizuri, akarudi dirishani, kwa kuwa wateja walikuwepo na yeye si wa kumaliza kazi kabla ya saa. Saa kumi na nusu mlango ukafunguka, Walfrid akaingia amevaa koti la kanisani. Watu wawili waliokuwa mbele yake walitaka kumpisha. Akakataa, akasubiri zamu yake.

Alipofika, Aune alimuuliza kama anavyomuuliza kila mtu.

"Karibu. Nikupe nini leo?"

Walfrid akaweka mikono mitupu juu ya meza.

"Leo sitaki senti, Aune. Nimekufuata wewe."

Sote tulisikia. Hata aliyekuwa kwenye simu aliiweka chini.

"Natoka saa kumi na moja," Aune akasema.

"Nitakaa pale."

Akakaa kwenye kiti kando ya hita, kofia magotini, na sisi wengine nusu saa ile hatukufanya kazi yoyote ya maana, Bwana Truscott akiwemo. Saa ilipofika alimshikia Aune koti, akalishika kichwa chini miguu juu, na Aune akaliingiza mikono hivyo hivyo bila kumrekebisha. Wakatoka. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Aune hakugeuka kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

Aune, dada yetu, asante kwa uvumilivu wako, kwa mkate wa iliki, na kwa kutufundisha kumtazama usoni kila anayesimama mbele yetu. Tutakukosa sana, mimi zaidi ya wote. Uwe na afya, uwe na furaha, na Jumatatu asubuhi usithubutu kuamka mapema.

Doreen Vertin, dirisha la pili