Fundi Ridhiwani wa Mashine ya Pumba, Aliyeukataa Ukuta

Ndugu, jamaa na majirani mliokatisha shughuli zenu kuja kutushika mkono, asalaam aleikum. Familia imeomba maisha ya mzee wetu yasomwe yote, pamoja na yale ambayo wengine wangependa yarukwe.

Marehemu Ridhiwani Saad Mfaume alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 huko Kinjumbi, mtoto wa pili wa Mzee Saad na Bi Batuli, akasoma hapo hapo mpaka akamaliza darasa la saba mwaka 1984, kisha akapelekwa Kilwa Kivinje kwa fundi Yahya kujifunza mashine za kusaga na kukoboa. Mwaka 1995 alimuoa Bi Mwanahija, wakahamia hapa kijijini, wakajaliwa watoto watatu, Esha, Ismaili na Abdulrazak, na wajukuu wanne, ambao wawili amewaacha wakinyonya.

Miaka mingi alisaga kwa dizeli, na dizeli ilipokosekana kina mama walibeba mahindi kichwani mpaka kijiji cha pili, ndipo mwaka 2019 alipokwenda mafunzoni Lindi, akarudi akajenga tanuri la kuchoma pumba za mpunga na magunzi, vitu tulivyokuwa tukivitupa, likatoa gesi ya kuendesha injini. Banda aliliacha wazi pande zote kwa makusudi, na kivulini aliweka benchi la wenye watoto mgongoni, hao aliwasagia kwanza, na foleni ikinung'unika aliwakumbusha kwamba na wao walibebwa.

Mwezi Machi 2024 uongozi wa kikundi cha kijiji kinachoisimamia mashine ulisikia wageni wanakuja kuitazama, pumba nazo zilikuwa zimeanza kuibiwa, wakaamua kulizungushia banda ukuta wa tofali mpaka juu na kutia mlango wa chuma. Marehemu alikataa mkutanoni, akaeleza kwamba gesi ile ikivuja haionekani na inaua, akaomba angalau madirisha. Mwenyekiti akamjibu, watu wakacheka, "Fundi, wageni hatuwapokei kwenye zizi la mbuzi." Madirisha yaliahidiwa baadaye, wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka, madirisha hayakuja.

Mwezi Aprili alianza kuumwa kichwa na kutapika, wapo waliosema ni majini, lakini nesi Benadetha alimkataza kabisa kuingia mle. Asubuhi ya tarehe 6 Mei, mvua ikinyesha, Bi Mwanahija alimsihi asiende, akajibu, "Mama Esha, wenye watoto watapika nini?" Akaenda, akafunga mlango pumba zisilowe, akakutwa ameanguka kando ya tanuri, amekwisha kukata roho.

Siku yake ilikuwa imeandikwa, hilo tunaliamini, lakini ukuta haukuandikwa, ulijengwa, na waliojenga tunawajua. Wala msizilaumu pumba, zimetulisha miaka mitano bila kumdhuru mtu.

Tunamshukuru nesi Benadetha aliyekuja mbio kwenye matope, Hussen, mfanyakazi mwenzake, aliyemtoa mle ndani akijua hatari, fundi Yahya aliyefika kutoka Kivinje na uzee wake, na jirani yetu Mama Witness, aliyewachukua wajukuu kwake bila kuombwa. Uongozi wa kikundi umeleta mchele na sukari, tumepokea kwa kuwa msiba haumkatai mtu, shukrani hatuna.

Vijana, tukitoka makaburini, sururu msizirudishe nyumbani kwanza, piteni nazo mashineni.

Pumzika kwa amani, fundi wetu.